Mtoto wa Tunduma

Niliahidi kuwaambia kwa nini kila nikisafiri na watoto lazima niwe na plasta na peni kwenye mkoba. Leo nasema, ingawa inaniaibisha.

Ilikuwa Julai 2019. Mnaijua Tunduma ya Julai: upepo unakata masikio, mtoto anavaa masweta mawili na bado anatetemeka. Mimi na baba watoto tulikuwa tumebana hela, tukasema mwaka huu kipupwe tukamalizie Zanzibar kwa wifi yangu, tukaone na tamasha la filamu, ZIFF. Tamasha hilo lilianza kuonyesha filamu mwaka 1998, na kitovu chake ni Ngome Kongwe, ile ngome ya mawe waliyojenga Waarabu wa Oman baada ya kuwatoa Wareno. Filamu zinaonyeshwa usiku, mahali pa wazi, watu wamekaa kwenye ngazi za mawe. Mwenzenu filamu nilizozoea ni za kwenye basi!

Tuliondoka na basi la alfajiri, tukaingia Dar usiku tumechoka, kesho yake boti. Binti yangu wa miaka mitano alitapika baharini mpaka akaishiwa. Mdogo wake wa miezi minane alinyonya na kulala. Kufika, wifi katupokea kajifunika mtandio anasema, "Baridi mwaka huu imezidi." Sisi jasho linatutoka. Masweta yote niliyobeba yakabaki kwenye begi.

Jioni tukaenda Forodhani, bustani iliyo mbele ya Ngome, ng'ambo ya barabara tu. Jamani, kule usiku ni taa, moshi wa mishkaki, urojo, juisi ya miwa, wageni wa kila rangi. Mdogo akachafuka, nikakaa pembeni nimbadilishe nepi. Baba watoto akaenda kununua mishkaki. Mimi nilijua binti kaenda na baba yake. Baba yake alijua kabaki na mimi. Aliporudi ana mishkaki mkononi, tukaulizana kwa pamoja: "Yuko wapi?"

Mama zangu, mimi nimeshika watoto wasiopumua wakazinduka mikononi mwangu, na mikono haikutetemeka. Siku hiyo magoti yaliisha nguvu. Nilikuwa naita jina lake huku naangalia maji, maana bahari iko palepale, na vijana wanajirusha humo kwa mchezo.

Sijui zilipita dakika ngapi. Baba watoto anasema ishirini. Kisha nikasikia sauti ya mwanaume kutoka kwenye meza za juisi: "Mtoto wa Tunduma huyu! Mamaake yuko wapi?"

Nilimkuta amekaa juu ya kiti, mama mmoja mtu mzima wa buibui kamshika mkono. Kumbe walimuuliza yote. Mama yako anaitwa nani? "Mama." Baba je? "Baba." Unakaa wapi? "Nyumbani." Mpaka mtu alipouliza mmetoka wapi na boti, ndipo akasema Tunduma. Neno hilo moja ndilo lililomrudisha kwangu.

Nikamwamkia yule mama, nikashindwa kuendelea. Akaniambia, "Usimgombeze mwanangu, keshaogopa yeye." Nikalia hapohapo mbele za watu.

Usiku ule sikulala. Mimi kazi yangu ni leba. Mtoto akizaliwa, kabla hajatoka mikononi mwangu, namfunga plasta: jina la mama, jinsia, saa aliyozaliwa. Nimewafunga watoto wenu, sijui wangapi, ili asipotee hata mmoja kwenye wodi yenye vitanda vichache. Halafu wa kwangu nikamwingiza kwenye umati wa maelfu bila hata namba ya simu.

Kesho yake tulirudi tamashani, maana sikutaka akue anaogopa watu. Lakini kwanza nilikata plasta.

Sasa fanya hivi, iwe Forodhani, stendi, soko la Tunduma au Nane Nane pale Mbeya. Andika namba zako mbili za simu kwenye plasta, ibandike ndani ya nguo au mkononi. Jina la mtoto usiliandike nje, mtu mbaya akiliona atamwita kama anamjua. Mfundishe jina lako kamili na mnakotoka, mwimbishe mpaka alijue usingizini. Mwonyeshe mahali pa kusubiri mkipotezana, kitu kikubwa asichoweza kukikosa. Sisi tulichagua lango la Ngome. Mwambie akipotea asimame, amfuate mama mwenye watoto au muuzaji. Na ninyi wawili msiachane bila kusema kwa mdomo, "Huyu nakuachia wewe," mpaka mwenzio ajibu.

Binti yangu sasa ni mkubwa. Ukimuuliza Zanzibar aliona nini, hakumbuki filamu hata moja. Anakumbuka juisi ya miwa aliyopewa bure, na kwamba mama alilia.

Wiki ijayo nitawaambia kuhusu mtoto kutapika safarini. Leo kabla hujalala, muulize mwanao: mama yako anaitwa nani? Akikujibu "Mama," basi una kazi ya kufanya.