Swali la Mtoto Juu ya Gesi na Kisiwa

Ndugu mwalimu mwanafunzi, swali linalomshinda mwalimu humfunza zaidi ya jibu alilolihifadhi. Nitakueleza swali moja lililonishinda mimi, mkufunzi wako.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, hapa Pemba, nilikaa nyuma ya darasa la sita nikimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha habari za maliasili. Alichora kisiwa ubaoni, na chini yake pango kubwa, akaandika ndani yake neno "gesi". Msichana mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, gesi ikishatolewa yote, Pemba haitazama?" Darasa halikucheka. Mwanachuo akageuka kunitazama, nami nikainamisha uso, kwani mchoro ule aliupata kwangu.

Mtoto yule hakuuliza jambo la mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni za BP na Shell zilichimba kisima cha utafiti Tundauwa, wala hazikupata mafuta ya kutosha biashara. Mwaka 2018 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitia saini mkataba na kampuni ya RAK Gas juu ya utafutaji wa mafuta na gesi. Mazungumzo hayo huingia majumbani, na mtoto huyasikia. Aliuliza habari ya ardhi anayoilalia.

Kosa letu lilikuwa lile pango. Gesi hukaa ndani ya mwamba wenyewe, katika vinyweleo vyake. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004, imo katika mwamba wa mchanga. Juu yake umelala mwamba wa tope lililogandamana matabaka kwa matabaka, uitwao sheili. (Usiuchanganye na sheli, kituo cha mafuta, watoto watacheka, nawe ucheke nao.)

Siku ya pili tulirudi darasani na zana tatu: mchanga wa pwani, udongo wa mfinyanzi uliokaushwa, na mkaa.

Kwanza, tulijaza mchanga mkavu katika chupa ya kioo, tukamimina maji kwa kikombe. Chupa "iliyojaa" ikapokea maji kiasi cha theluthi moja ya ujazo wake. Kisha tukatoboa tundu dogo chini na kuziba kwa kitambaa. Maji yakatoka, mchanga ukabaki umesimama. Nikamwita yule msichana aje apime kimo chake kwa rula mwenyewe.

Pili, tulimimina maji juu ya bonge la udongo. Yalikawia mno kupenya. Udongo nao una vinyweleo, tena vingi, lakini ni vyembamba na havikuunganika vizuri. Ndivyo ulivyo sheili: vinyweleo vyake vingi hupimwa kwa nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ndiyo maana sheili huweza kuwa kifuniko cha gesi iliyo chini yake.

Tatu, mkaa. Watu huweka kipande cha mkaa kabatini kuondoa harufu. Harufu huenda wapi? Hugandia katika kuta za vinyweleo vya mkaa. Katakata muhogo, na kila ukatapo nyuso mpya huzaliwa. Hali kadhalika mwamba wenye vinyweleo vidogo vingi una kuta nyingi mno ndani yake. Katika sheili yenye mabaki ya viumbe vya kale, sehemu ya gesi huelea katika vinyweleo na nyufa, na sehemu hugandia kutani. Mabaki hayo, yakipashwa joto kilindini kwa mamilioni ya miaka, ndiyo yaliyoizaa gesi yenyewe. Wamarekani huipata kwa kuupasua mwamba huo kwa maji yenye kani kubwa.

Je, tulimwambia mtoto kwamba hakuna hatari? La. Huko Groningen, Uholanzi, ilikogunduliwa gesi mwaka 1959, ardhi imedidimia polepole kwa makumi ya sentimita, na matetemeko madogo yamepasua kuta za nyumba, kwa kuwa mwamba uliopungukiwa na kani ya gesi hubonyea kidogo. Tulimwambia hivyo hivyo: kisiwa hakizami kama mtumbwi, lakini ardhi yaweza kushuka, na ndiyo sababu wataalamu hupaswa kuipima. Akatafakari, kisha akasema: "Basi wapime kabla, na baada." Sikuwa na la kuongeza.

Mwalimu mwenzangu, mchoro rahisi si lazima uwe mchoro wa kweli. Kabla hujachora, jiulize mtoto atakwenda nao nyumbani akiamini nini. Nilimtia hofu mtoto kwa chaki moja, na ilinibidi nije na chupa ya mchanga kuiondoa. Ukiulizwa lililokushinda, likubali, kalitafute, urudi nalo kesho.