Mchina Kageuzwa Mjapani

Ukifika Bagamoyo watakupeleka Kaole uone makaburi ya kale yaliyojengewa mabakuli ya Kichina. Kwa hiyo China siyo ngeni kwenye mwambao huu. Shida ni kuichapa.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikapata kibarua kwenye kiduka cha kuchapa na kutoa fotokopi. Mchana nachapa mikataba ya viwanja. Usiku, mwenye duka akiridhia, riwaya yangu. Siku moja kaja dada mmoja na barua ya kuomba kazi ya ukalimani, kurasa mbili, Kichina kitupu. Kaiandika kwenye simu, maandishi matupu, akanihamishia. Nikachapa. Akasoma, kidole kikasimama kwenye 直.

"Kaka, herufi hii siyo yangu."

"Dada, mimi sijagusa kitu."

"Najua. Lakini hii ya Kijapani. Bosi akiiona atasema Kichina changu cha kubabaisha."

Kwangu vyote vilikuwa vijiti tu! Akanichorea. Wachina chini wanalaza mstari mmoja, basi. Wajapani wanaushusha mwingine kushoto, ukifika chini unakunja kona. Maana ni ile ile, eti "kunyooka".

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1992 wataalamu wa Unicode walipoingiza kwenye orodha yao herufi hizo zaidi ya 20,000, herufi moja inayotumika China na Japani waliipa namba moja. Namba haina sura. Sura inatoka kwenye fonti. Simu ya yule dada ameiweka lugha ya Kichina, makusudi ajizoeze, ndiyo maana kule ilikaa sawa. Kompyuta yetu ni ya Linux (haidai leseni, mwenye duka anaipendea hapo) na lugha yake ni Kiingereza. Haikuambiwa kwamba hiki ni Kichina, ikachukua fonti iliyotangulia kwenye foleni. Fonti za Noto za herufi hizo, zilizotolewa bure mwaka 2014, zina matawi: JP ya Japani, KR ya Korea, SC ya China bara, TC ya Taiwan. Kwetu ilitangulia JP. Mtu anaweza kukosa kazi kwa foleni ya namna hiyo, na wala hakuna wa kumlalamikia.

Tukaiteua barua yote, tukaipa SC, nikachapa upya. Kona ikatoweka. Dada akaondoka mbio kuwahi basi la Makumbusho. Kama alipata kazi, sijasikia.

Usiku nikafungua riwaya. Kila neno la Kiswahili lina mstari mwekundu chini yake, maana mashine inalisoma kama Kiingereza kilichoharibika. Nikaingia kwenye orodha ya lugha, nikateremka hadi nikakuta Kiswahili, Tanzania. Nikabonyeza. Mistari ikafutika ukurasa mzima, ikabaki kwenye majina ya samaki.