Ukuta wa mama, taili 96 na programu ndogo

Leo naweka kando habari za sava na hifadhidata. Nataka kuwaeleza kazi iliyonichukua wiki kadhaa nyumbani kwa mamangu, mtaa wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa: kuchagua na kubandika taili za ukutani. Kompyuta imo humu, msiwe na wasiwasi, ila sehemu ngumu ya kazi haikuwa ya kompyuta.

Kwanza neno lenyewe. Kamusi inasema kigae. Mafundi wetu wanasema taili, nami nitafuata mafundi, kwa sababu ukiomba vigae dukani huenda ukaonyeshwa vya kuezekea paa.

Nyumba ni ya zamani, ya ghorofa moja. Kuta za nje ni za mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, na unene wake unakaribia nusu mita. Dari la sebule limebebwa na boriti za mikoko, na ncha za boriti hizo zimezama ndani ya ukuta. Jikoni ni tofauti. Ukuta wa nyuma ya sinki na jiko la gesi uliongezwa miaka ya 1980 kwa matofali ya simiti, ili kutenga jikoni na ngazi. Ishikeni tofauti hiyo, maana mambo yote yanayofuata yanategemea hapo.

Mama alitaka taili kwenye kuta mbili: huo wa jikoni unaorukiwa na mafuta, na ule wa sebuleni unaotazama barabara. Huo wa pili kila baada ya masika rangi yake huvimba, ikapasuka, ikamwaga unga mweupe juu ya makochi. "Mwanangu," aliniambia, "nataka ukuta wa kupangusa kwa kitambaa. Nimechoka kuona wageni wakiinuka na chokaa mgongoni." Harusi ya ndugu yangu mdogo ilikuwa imebakisha miezi minne, na wageni wangekaa sebuleni humo humo. Fundi wa kwanza kuja alitazama, akapima kwa hatua, akasema siku nne zinamtosha kumaliza kuta zote mbili, sebuleni mpaka darini.

Jikoni

Tulianza na kazi rahisi. Mama alizunguka maduka mawili matatu akaipenda taili ya sentimita 20 kwa 20, imegawanywa kwa mstari wa pembe hadi pembe, nusu nyeupe na nusu buluu. Nilipoiona nilicheka peke yangu. Mwaka 1704 padri Mfaransa aitwaye Sébastien Truchet alichapisha maandiko yake kuhusu taili ya aina hii hii. Ni taili moja tu, lakini waweza kuigeuza ikakaa kwa namna nne, na ukizipanga nyingi kwa pamoja unapata mapambo yasiyokwisha. Leo watu wa michoro ya kompyuta wanaziita taili za Truchet.

Zisizokwisha kiasi gani? Ukuta wetu ulihitaji safu 6 za taili 16, jumla 96. Kila moja ina namna nne za kukaa. Basi idadi ya mipangilio ni 4 ikizidishwa kwa yenyewe, zikiwa nne 96. Jibu ni nambari yenye tarakimu 58. Mtu hawezi kumpa mamake orodha hiyo achague.

Niliandika programu ndogo ya JavaScript, mistari isiyofika mia, inayochora ukuta wote kwenye kioo cha simu. Mwanzo niliiacha ijipangie kwa bahati nasibu. Mama akaitazama: "Hii nguo imeraruka." Nikabadilisha kanuni: panga taili 4 tu, mbili kwa mbili, kisha rudia fungu hilo ukuta mzima. Sasa mipangilio ni 256, na mingi inafanana ukiisogeza au ukiigeuza. Hiyo mtu anaweza kuipitia kwa kikombe kimoja cha chai. Mama alipofika kwenye umbo la almasi alisimama. "Hapa. Huu ni mkeka." Ni kweli. Wanawake wanaosuka ukili wa ukindu uliotiwa rangi wamekuwa wakilitatua tatizo hili kwa vidole, bila kioo wala umeme.

Baadaye tukapima. Ukuta ulikuwa mita 3.07 chini na mita 3.03 juu. Katika Mji wa Kale usitegemee pembe mraba, hata kwenye ukuta wa juzi. Ukianza na taili nzima kona ya kushoto, na mwanya wa milimita 2 kati ya taili na taili, zinaingia 15, na kona ya kulia inabaki kijipande chembamba kama kabari, milimita 2 juu na sentimita 4 chini. Jicho litaenda pale kila siku. Dawa yake ni kuanzia katikati. Tuliteremsha timazi katikati ya ukuta, tukabandika taili 7 nzima kila upande, na kila mwisho ukabaki na nafasi ya sentimita 12 chini na 10 juu. Kipande cha upana huo hakimkeri mtu, na almasi za kushoto na kulia zimekatwa sawasawa.

Mambo mengine ya jikoni, kwa ufupi:

1. Soma nambari za rangi na ukubwa zilizopigwa muhuri kwenye katoni. Taili za jina moja zilizotoka tanuri kwa siku tofauti zaweza kuachana rangi, na zaweza kuachana kwa milimita moja. Nunua zote zenye nambari sawa.
2. Ongeza asilimia 10 kwa za kuvunjika na kukatwa. Sisi tulichukua katoni 5 za taili 25. Lori haliingii vichochoroni, kwa hiyo zilifika kwa mkokoteni, na 3 zilikuwa zimeshapasuka.
3. Paka gundi mgongo mzima wa taili, si matone matano kama fundi wa haraka. Kesho yake gonga kila taili kwa mpini wa mwiko. Inayolia kama debe tupu ing'oe, kwa maana ni suala la muda tu itaanguka yenyewe.
4. Ngoja siku nzima kabla ya kujaza mianya.

Sebuleni

Sasa tuje kwenye ukuta wa mawe, ambao mama aliutaka zaidi.

Sikuwa na raha na mpango wa fundi. Katika nyumba moja ya jirani niliwahi kuona taili zimefunika ukuta kama huu, na nyingi zilikuwa zimeachia, mgongoni zimeng'ang'aniwa na lipu iliyovunjika na chumvi nyeupe kama pamba. Lakini kumwambia mama "nimeona kwa jirani" si hoja. Sisi waandishi wa programu tuna mazoea ya kupima kabla ya kubishana, basi tukapima.

Kipimo ni rahisi, nanyi mnaweza kukifanya leo. Kata kipande cha nailoni angavu, nusu mita kwa nusu mita. Kibandike ukutani kwa utepe, pande zote nne, pasiwe na pa kupitisha hewa. Kiache siku mbili. Matone yakitokea juu ya nailoni, upande wa chumba, unyevu unatoka hewani. Yakitokea nyuma yake, unatoka ukutani. Niliweka kimoja jikoni na kimoja sebuleni. Cha jikoni kilibaki kikavu. Cha sebuleni, asubuhi ya pili, nyuma yake kulikuwa na matone yanayotiririka. Mama alipitisha kidole juu ya nailoni, kidole kikatoka kikavu. Akanyamaza.

Kinachotokea ni hiki. Chokaa ya zamani ya pwani ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye rundo la kuni. Kwenye joto la nyuzi 900 hivi jiwe hutoa hewa ya kaboni dioksidi. Ukilizima kwa maji unapata chokaa laini, nayo ikishapakwa ukutani huirudisha hewa ile polepole mpaka inageuka jiwe tena. Jiwe hilo lina matundu madogo mno. Maji yanayopanda kutoka ardhini hupita humo, yakitokea usoni mwa ukuta hukauka, na chumvi yake hubaki. Chumvi ikiganda hukua na kusukuma, ndiyo ule unga kwenye makochi. Lipu laini ya chokaa inakubali kuliwa kidogo kidogo ili jiwe lililo nyuma lisalimike. Unaifagia, unapaka upya.

Ukifunika uso huo kwa saruji na taili zilizong'arishwa, maji hayaachi kuja. Yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na juu ndiko ziliko ncha za boriti. Mti wa mkoko ni mgumu, lakini ncha inayolowa miaka nenda miaka rudi bila kukauka huoza, na kuoza huko hukioni mpaka dari lishuke. Nyumba za Mji wa Kale hazianguki kwa uzee peke yake.

Tulimwita fundi wa chokaa, mzee wa makamo ya baba yangu. Aligusa ukuta, akautazama mchoro wa taili mpaka darini, akauliza swali moja: "Na jasho lake mwalipeleka wapi?"

Kuna jambo la kisheria pia. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana ofisi inayosimamia uhifadhi wake. Kabla ya kugusa kuta au sura ya nyumba ya namna hii, nendeni mkaulize. Swali halina gharama.

Hata hivyo mama hakuwa na kosa kutaka ukuta unaong'aa. Watu wa pwani wamependa vyombo vya kung'aa ukutani tangu karne nyingi. Kaburi la mnara la Mambrui, kaskazini ya Malindi, lilipachikwa bakuli za Kichina. Makaburi ya Kunduchi karibu na Dar es Salaam yalitiwa sahani vilevile. Nyumba za Lamu zilikuwa na zidaka, safu za vishubaka vya chokaa vya kuwekea vyombo vya thamani. Lakini angalia uwiano: vyombo vichache, chokaa nyingi. Ukuta uliachiwa nafasi yake.

Hapo ndipo tulipoafikiana. Saruji na rangi ya mafuta iliyopakwa sebuleni miaka ya nyuma ilikwanguliwa, ikapigwa lipu ya chokaa na mchanga uliooshwa, ikaachwa ikauke taratibu kwa wiki kadhaa, ikanyunyiziwa maji isipasuke. Juu ya usawa wa bega, fundi alipachika taili 9 tu zilizobaki jikoni, kwa udongo wa chokaa, zimekaa kama almasi zikiachana shubiri moja. Mwisho ukapakwa chokaa nyeupe. Makochi tukayasogeza mbele kiganja kimoja, hewa ipite.

Harusi ilifanyika. Masika mbili zimepita tangu hapo. Jikoni hakuna taili iliyolia debe. Sebuleni, sehemu ya chini bado hutoa unga kidogo mvua zikizidi. Mama huufagia, na kila mwaka kabla ya Ramadhani kijana wa mtaani huja na ndoo ya chokaa na brashi, kazi ya asubuhi moja. Kitambaa cha kupangusia alichokitaka kinatumika jikoni tu, naye bado hulitaja jambo hilo kila fundi akifika.

Kwa hiyo, mwenye nyumba ya mawe, usianze na rangi ya taili. Anza na kipande cha nailoni na siku mbili za subira. Ukuta ukiwa mkavu, panga mkeka wako utakavyo. Ukiwa unatoa jasho, uachie njia ya kulitoa, kwa maana boriti zilizo juu ya kichwa chako zinautegemea ukuta huo huo.