Pamba Ndani ya Kopo

Likamate kopo la ARV la dereva wa lori, ulitikise. Kimya. Ameshindilia pamba juu ya vidonge ili gari likiingia kwenye mashimo tanboi asisikie vikigongana. Huku Ipililo pamba haitafutwi, anainyofoa kwenye mzigo wake mwenyewe. Lebo ya kliniki ameshaibandua, au vidonge amevihamishia kwenye kopo la vitamini.

Mimi ni muuguzi, kazi yangu unasihi na upimaji wa VVU. Kila mwaka wanakuja wageni na mabango: madereva wapewe elimu. Elimu wanayo. Wengine wanajua habari za dirisha la matazamio kuliko wanafunzi ninaoletewa kwa mafunzo ya vitendo.

Msimu wa pamba ukifunguliwa, kuanzia Mei hivi, fuso zinaingia kuzoa pamba kwenye maghala ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, kupeleka jineri. Semi zenyewe zinapakia marobota kule jineri, kwenda Dar. Msidhani ni watu wa aina mbili. Huyu wa fuso msimu ukiisha utamsikia yuko Isaka, mara Tunduma, mara kavuka Kongo. Mzigo usipotimia analala hapa siku mbili, tatu. Pesa ya njiani anayo, usiku ni mrefu, na mama lishe hafungi mapema. Kliniki nyingi zinafunga saa 9:30 alasiri, saa ambayo yeye ndiyo kwanza anafunga turubai.

Mmoja alinijia Jumanne saa 3 asubuhi. Kondomu ilipasuka Ijumaa usiku, saa 4. PEP, dawa ya kinga baada ya hatari, inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Sikuhitaji kumwambia. "Sista, nimehesabu. Jumamosi nilikuwa napakia, Jumapili niko mizani, jana nashusha." Zilikuwa saa 83. Nikamuuliza hiyo kondomu aliitunza wapi. Kwenye dashibodi, juani, miezi miwili. Kwamba joto huiharibu, hilo sasa ndilo alilokuwa halijui, na sijawahi kuliona kwenye bango lolote.

Madereva wakiona usaha, dalili ya ugonjwa wa zinaa, hawaji kwangu. Wanapitia duka la dawa, wananunua vidonge vya rangi mbili, wanameza siku mbili, maumivu yakipoa vinavyobaki vinawekwa akiba ya safari nyingine. Nikimpata mtu wa namna hiyo namwomba anitajie wenza wake waje watibiwe. Ananiangalia kwa huruma kabisa. "Sista, wa wapi? Wa huku au wa njiani?"

Kuna jambo lililonikosesha usingizi. Kile kipimo cha kujipima mwenyewe, cha kupangusa ufizi, sheria ilikiruhusu mwaka 2019, na nilifurahi, nikasema sasa mtu atajipimia ndani ya kabini. Akaja binti mmoja anayeuza chakula karibu na ghala. Dereva alijipima mbele yake, mstari ukatoka mmoja, wakaacha kondomu. Yule dereva nilikuwa namfahamu kwenye daftari langu. Mtu aliyekwishatumia ARV, kipimo hicho kinaweza kumdanganya, na maelezo yake yanasema asikitumie. Angekuwa anameza dawa zake vizuri na virusi vimefubaa, binti asingekuwa na la kuogopa kwake. Lakini alikuwa amekosa kliniki miezi minne. Siri ya mteja nimeapa kuitunza, kwa hiyo nilimpima binti, nikamwanzishia PEP, nikamwambia yaliyo yangu kumwambia. Yaliyobaki nikayameza.

Dawa siku hizi tunatoa za miezi 3, hata 6, kwa aliyetulia. Anayeendesha lori ni nadra kuitwa aliyetulia, maana ili uonekane umetulia lazima uhudhurie. Akiishiwa safarini anaweza kuomba kliniki yoyote, ila aende na kadi ya CTC, kliniki ya matunzo na tiba, na kadi hiyo ndiyo kitu cha kwanza anachokiacha nyumbani, au anakichana.

Kwa hiyo namba zao za kadi ninazo kwenye daftari, na simu siizimi. Juzi saa 7 usiku ilipigwa kutoka Tunduma. Vidonge vimebaki viwili. Nikawasha taa, nikaanza kumsomea namba yake. Akanikatiza, kwa sauti ya chini: nisome taratibu, hawezi kuitamka, anaandika tu, tanboi amelala pembeni yake.