Kadi Iliyoshonwa kwa Uzi

Msomaji wangu, aghalabu kila mtu ana kitu kidogo akipendacho kupita thamani yake sokoni. Mmoja hukusanya stempu, mwingine kofia, mwingine vikombe asivyonywea hata siku moja. Mimi ninapenda vitu vya namna mbili: karatasi za kuandikia zenye uchangamfu na mzaha, na vitambaa vya kutandikwa juu ya viti ili nyumba ipate sura na joto. Nikipita Kibuye, soko kubwa la Kisumu, siku ya Jumapili, macho yangu huviona vitu hivi kabla ya kuona samaki na mboga nilizotumwa. Nataka kukueleza sababu ya mapenzi haya, na kwa nini nadhani si anasa tupu.

Nianze na vitambaa. Hapa Maseno mstari wa ikweta hukata barabara itokayo Kisumu kwenda Busia, na mgeni wa mbali hudhani kwamba sisi hatulijui baridi. Sivyo. Maseno imekaa juu ya vilima, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Viktoria lenyewe liko mita 1,134. Mvua ya alasiri ikishanyesha, jioni huja na ubaridi unaoingia mifupani, na mwenye kukuta leso nzito juu ya kiti humshukuru kimoyomoyo aliyeiacha pale.

Ingia katika sebule nyingi za Nyanza na Magharibi, utaona kwamba viti havikai uchi. Kila kimoja kimevishwa kitambaa mgongoni na mikononi. Meza ina chake, na redio ina chake. Vingine vimefumwa kwa sindano ya kroshia, vyeupe kama povu la ziwa. Vingine vimetariziwa maua, ndege na maneno ya kumkaribisha mgeni. Sikukuu ikikaribia hufuliwa, hutiwa wanga na kupigwa pasi, hata mwenye nyumba akasita kuvikalia. Nyumba inaweza kuwa ya udongo na kiti kikawa cha mbao chakavu, lakini kitambaa humwambia mgeni: tulijua kwamba utakuja.

Na leso je? Watu wa pwani ndio mabingwa wa kitambaa kinachosema. Leso, au kanga kama wengine waiitavyo, ina pindo pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyopigwa chapa upande wa chini. Zamani maneno hayo yalikuwa kwa herufi za Kiarabu. Baadaye zikaja herufi hizi tuzitumiazo wewe na mimi. Duka la Kaderdina Hajee Essak, katika Mtaa wa Biashara huko Mombasa, limesifika kwa leso zenye alama ya “Mali ya Abdulla”. Mtu humpa mwenziwe leso kwa ajili ya maneno yake, kama vile angempa barua. Moja niliyoipata Kibuye inatandikwa nyumbani kwangu juu ya kiti cha kusomea. Kabla ya kuifua mara ya kwanza niliiloweka katika maji ya chumvi, kama nilivyofundishwa na wazee, ili rangi isikimbie.

Sasa njoo kwenye karatasi. Bila shaka unalijua daftari lenye picha ya kasuku juu ya jalada lake. Sijui ndege mwingine aliyesoma madarasa mengi kama huyo! Lakini karatasi niipendayo kupita zote hutoka ziwani. Gugumaji ni mmea wa Amerika ya Kusini. Lilionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 likaenea hata mitumbwi ikashindwa kupita na wavuvi wakakaa ufuoni mikono mitupu. Mnamo 1997 wadudu wanaolila waliachiliwa upande wa Kenya ili kulipunguza. Likapungua, lakini halikutoweka. Basi mafundi wa Kisumu walifikiri: adui huyu hawezi kufanywa kuwa mtumishi? Wakayakata mashina, wakayachemsha na kuyatwanga, wakayachanganya na karatasi kuukuu, wakaichota rojo ile kwa fremu yenye wavu na kuianika juani. Ikapatikana karatasi ya rangi ya udongo, yenye nyuzinyuzi unazozihisi kwa vidole, nayo hukatwa kadi na madaftari. Ukiipata, usiiandikie kwa wino wa majimaji, maana huunywa wote. Tumia penseli au kalamu ya kawaida. Mimi hufurahi kila niitazamapo, kwa kuwa kilichozuia mtumbwi sasa kinachukua salamu.

Najua mtu makini ataniuliza: “Mwalimu, watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa karo, nawe unasifu kadi na vitambaa?” Swali hili ni la haki. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Daftari lililopambwa ambalo halina neno hata moja ndani yake ni mkakasi. Kitambaa kizuri katika nyumba isiyomkaribisha mtu ni mkakasi vilevile. Siwezi kuvitetea hivyo. Lakini upo urembo mwingine, nao nitakuonyesha kwa habari za mama yangu.

Mama aliacha shule katika darasa la pili, kwa kuwa nyumbani palikuwa na wadogo wa kulelewa na fedha hazikuwapo. Kwa miaka mingi aliweka kidole gumba mahali palipotakiwa sahihi. Kisha akaingia katika kikundi cha kina mama waliokutana kila Alhamisi kutarizi vitambaa. Mmoja wao alichora maua na maneno kwa penseli, na wengine wakafuata mistari kwa uzi. Mama alilishona neno KARIBU kama ashonavyo tawi na majani, pasipo kujua linasema nini. Jioni moja, nami nikiwa darasa la nne, aliniita karibu na taa. Ncha ya sindano ilikuwa juu ya K. “Mwanangu,” akaniuliza, “huyu ni nani?”

Nikamwambia. Kesho yake akauliza juu ya A, na kesho kutwa juu ya R. Haukupita muda mrefu akaanza kuchora maneno yake mwenyewe. Kitambaa chake cha kwanza kipo hata leo juu ya kiti cha baba. Kimeandikwa KARIBU NYUMBANI, na N zake mbili zimegeuka nyuma mbele. Hapana aliyethubutu kumwomba azifumue.

Mwaka 2008 nilifanya mtihani wa kidato cha nne katika shule ya bweni. Desturi ya siku zile waijua: jamaa na marafiki huwapelekea watahiniwa kadi za kuwatakia heri. Wenzangu walipata kadi kubwa za dukani, nyingine zenye kijibetri kilichoziimbisha kila zilipofunguliwa, hata bweni likawa kama kiota cha ndege. Mimi nilijua kwamba kwetu hapana fedha za kadi, wala sikungoja. Siku mbili kabla ya mtihani nikapewa bahasha. Ndani yake mlikuwa na jalada la daftari la kasuku lililokunjwa mara mbili, na kingo zake zimeshonwa kwa uzi mwekundu, mshono uleule wa vitambaa. Mbele palichorwa ua. Ndani, kwa penseli, mliandikwa: MWANANGU ANDIKA VIZURI. MIMI MAMA. N zote tatu zilitazama upande wao.

Ndiyo barua ya kwanza aliyoiandika mama maishani mwake. Zile kadi zilizoimba zilinyamaza betri zilipokwisha. Hii haikuwa na sauti, lakini ningali nikiisikia.

Baadaye, katika chuo cha ualimu, tulifundishwa njia nyingi za kumfunza mtu kusoma na kuandika. Ninaziheshimu zote. Walakini sijasahau kwamba mama hakuvutwa na kitabu, bali na ua la uzi lililokaa kando ya herufi. Kitu cha kupendeza kilimshika mkono kikamfikisha mlangoni, naye akaingia mwenyewe. Kwa sababu hiyo, darasani mwangu ninaweka sanduku la karatasi za ajabuajabu: za gugumaji, za rangi, zenye picha za samaki na vyura. Mwanafunzi ambaye insha humtoa jasho kwa mistari minne, mpe kadi moja na umwambie amwandikie bibi yake. Mara nyingi huja kuomba ya pili, kwa kuwa ya kwanza imejaa.

Kwa hiyo, msomaji, usimcheke mtu asimamaye sokoni akipapasa kitambaa au kunusa karatasi mpya. Muulize tu anampelekea nani. Kama ana jibu, fedha yake haikupotea. Na kama wewe huna fedha, jalada la daftari lililokwisha unalo, na uzi mwekundu hauadimiki katika nyumba yenye sindano. Bila shaka yupo mtu nyumbani ambaye hajapata kuletewa barua yenye jina lake. Mwandikie kabla muhula haujafungwa.