Sindano ya Tetanasi Si ya Wamama Peke Yao

Wasee wa Garissa, leo niko na swali moja tu: mara ya mwisho ulidungwa sindano ya tetanasi ilikuwa lini?

Juzi niliuliza hivyo kwa WhatsApp. Wasichana walijibu vizuri. Vijana wakanicheka. "Si hiyo ni ya wamama wenye mimba?" Mwingine akasema yeye ni mwanaume, hatishwi na mwiba. Sawa, mwanaume. Lakini slipa unayovaa ni ileile ya dadako.

Naelewa hii fikra imetoka wapi. Kampeni kubwa za pepopunda zililenga kulinda mama na mtoto mchanga, na zilikuwa na maana kabisa. Hata ile kelele ya 2014, maaskofu wa Katoliki wakidai chanjo imewekwa kitu cha kuzuia uzazi na Wizara ya Afya ikikataa, ilikuwa juu ya kampeni ya wanawake. Kwa hivyo kijana wa kiume amekua akisikia hiyo sindano ikitajwa na wamama tu. Msichana akifika kliniki ya wajawazito ataulizwa. Wewe nani atakuuliza?

Na mwanaume anashikwa. Kati ya 2012 na 2016 kulitokea visa vya pepopunda kwa wanaume waliopashwa tohara ya hiari katika nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwemo. Uganda ikaamua wanaume wachanjwe kwanza ndio watahiriwe. Mtoto huchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini hiyo kinga hupungua na miaka. Na huku kwetu, ambapo watu wanahama na mifugo, wengi hata hizo tatu hawakumaliza. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 uliweka Garissa kati ya kaunti za chini kabisa kwa watoto waliomaliza chanjo.

Sasa angalia mahali tunaishi. Viini vya pepopunda hukaa kwenye udongo na mavi ya wanyama, na mji wetu una mbuzi, ng'ombe, ngamia na mikokoteni ya punda kila kona. Ongeza mathenge, ule mti ulioletwa kuzuia jangwa ukaishia kumeza malisho. Mwiba wake unatoboa tairi ya bodaboda, sembuse slipa.

Watu huogopa msumari wenye kutu, lakini kutu si shida. Shida ni tundu. Hiki kiini hupenda mahali hewa haifiki, na mwiba unakipeleka ndani kabisa halafu ngozi inajifunga juu. Kidonda kinaonekana kidogo, hakitoi hata damu, na wewe unarudi zako kazini. Dalili huja baada ya siku 3 hadi 21: taya inakaza, kumeza kunakuwa shida, shingo na mgongo vinakakamaa. Ikifika hapo ni hospitali haraka, na hata huko wengine hufa.

Ukidungwa, osha na maji mengi yanayotiririka na sabuni. Usipake majivu, mavi ya ng'ombe wala mafuta ya gari. Kama kipande cha mwiba kimebaki ndani, usichokore na wembe, kitolewe kliniki. Na vidonge vya antibiotiki vya duka la dawa havichukui nafasi ya chanjo.

Kisha nenda udungwe, siku hiyohiyo ukiweza. Kama siku zimepita, nenda tu. Kwa kidonda kirefu na kichafu, kama ulimaliza dozi tatu lakini ya mwisho imepita miaka 5, unahitaji nyongeza. Kama hukumaliza au hujui, sema ukweli, kwa sababu pengine utahitaji pia kinga iliyo tayari, inayoitwa imunoglobulini.

Binamu yangu anachunga mbuzi. Mwiba ulipomwingia kisigino alifika kliniki, akaulizwa kadi ya chanjo. Kadi gani? Alizaliwa malishoni. Akadungwa, akaambiwa arudi baada ya wiki 4, halafu tena baada ya miezi 6. Yeye akawa anahesabu mvua: wakati huo mbuzi watakuwa wapi? Hapo ndipo nilielewa kwamba dozi ya kwanza peke yake haimtoshi mtu ambaye hajawahi kuchanjwa. Tumekubaliana niweke tarehe zake kwa simu yangu, na popote atakapokuwa nimpigie atafute kituo kilicho karibu.

Maoni yangu ni haya: tusingoje mwiba. Kama wewe ni mchungaji, wa mjengo, wa boda, makanika, au unacheza mpira pekupeku, ingia kituo cha afya ukiwa mzima uulize dozi zako ni ngapi. Andika tarehe. Halafu mwambie huyo msee anasema ni ya wamama akusindikize, naye adungwe.