Sindano Hulaumiwa Bure

Pikipiki ya tu-stroki ikianza kudondosha petroli chini, mwenyewe hufika gereji na jibu lake mkononi: "Fundi, sindano imekufa, nibadilishie." Nimekuwa fundi hapa Ipogolo, chini ya mlima wa kupandia Iringa mjini, tangu enzi ambazo pikipiki nyingi za mkoa huu zilikuwa za serikali, za misheni au za miradi, na jibu langu halijabadilika: tufungue kwanza tuone.

Kazi nilifundishwa na mzee ambaye mabwana shamba na mabwana mifugo wote walimjua. Walimletea Yamaha AG100, DT za kila umri, Suzuki TF125, na mara mojamoja A100. Mimi niliipenda AG100, na naipenda mpaka leo. Ni pikipiki iliyotengenezwa kwa ajili ya shamba hasa: keria mbele, keria nyuma, mnyororo umefunikwa wote usile vumbi. Haina mbio, ila inabeba gunia na mwenye gunia.

Mzee hakuwa mtu wa maelezo. Kwa muda mrefu niliosha spea tu, na nilichokijua kuhusu kabureta nilikiona kwa kuchungulia begani kwake. Siku aliyoamua kunieleza, alinipeleka chooni kwa jirani aliyekuwa na tangi la kuvuta, akainua kifuniko, akavuta mnyororo. Maji yakashuka, boya likashuka nalo. Maji yakajaa, boya likapanda, maji yakakatika. "Umeona?" akasema. "Haya, rudi kazini." Kwenye kabureta ni vilevile. Petroli ikijaa bakuli, boya linapanda na kuisukuma sindano ndogo yenye ncha ya mpira mpaka izibe siti yake ya shaba. Ikinata juu, petroli haishuki, pikipiki inazima katikati ya safari kama iliyokata mafuta. Ikinata chini, au ikishindwa kuziba, petroli inafurika: mpira wa chini unadondosha, plagi inalowa na kuwa nyeusi tii, kiki inachosha mguu.

Kwa nini inanata? Jibu ni oili. Yamaha walileta mfumo wao wa Autolube mwaka 1964: oili ina tangi lake na pampu yake, haipiti kwenye tangi la petroli. Suzuki nao walikuwa na wao. Lakini huku kwetu pampu ikichoka, au mtu akisikia kwamba ya jirani ilikufa ikaua pistoni, hukumu ilikuwa moja: ing'olewe, oili ichanganywe kwa mkono. Wengi walikadiria kwa jicho, na jicho la mtu anayeogopa kuunguza injini humimina oili nyingi. Mchanganyiko huo ukikaa ndani ya bakuli bila kutumika, petroli inaruka na oili inabaki. Inakuwa nzito, rangi ya chai ya rangi iliyolala, halafu inakuwa gundi.

Na pikipiki za ofisi zilikuwa zinakaa. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai. Kuanzia kama Aprili fungu la mafuta lilikuwa limeshakauka, pikipiki zinasukumwa stoo, kuku wanalalia siti. Fungu jipya likitoka, zote zinatolewa kwa pamoja na zote hazikubali kuwaka. Miezi hiyo ilikuwa mavuno yetu. Mzee alikuwa anamalizana na nyingine bila hata kushika spana: anafungua koki, anagongagonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi, anasubiri, anapiga kiki. Mtikisiko ule ulitosha kuiachia sindano. Mwenye pikipiki anacheka, anasema ni uchawi, anaondoka. Baada ya siku chache anarudi, maana gundi bado iko mle ndani.

Kuna mganga wa zahanati moja ya upande wa Kilolo aliyeisukuma DT yake mpaka barabarani, ikaletwa juu ya lori la mbao. "Shikamoo fundi," akasema, "injini imekamata. Kiki haishuki." Nilimwitikia, nikamuuliza kama koki ilifungwa usiku. Hakuwa na habari na koki. Basi nikajua injini ni nzima. Kwenye tu-stroki, petroli ikifurika huku kabureta iko juu, inapita njia ya kuingilia na kujaa chumba cha krenki, na injini haiwezi kubana maji. Nilifunga koki, nikafungua plagi, waya wake nikauweka mbali na tundu, nikazungusha mshiko wa mafuta hadi mwisho na kupiga kiki kwa mkono polepole. Petroli iliruka mpaka ukutani. Mama lishe wa pembeni tulishamwambia asogeze jiko lake. Jambo hilo sikulifanyia mzaha hata siku moja.

Kabureta yake nilipoifungua, sindano ilikuwa safi. Ncha ya mpira haikuwa na mkunjo wala duara la kuchakaa, kile kipini chenye springi nyuma yake kilibonyea na kurudi. Siti nayo ilishika. Mafuta yalikuwa yanapita kwingine kabisa: chini ya siti pana washa ndogo, na mtu aliyewahi kuifungua hakuirudisha, akakaza siti kavukavu. Petroli ilikuwa inazunguka nje ya nyuzi za siti na kuingia bakulini hata boya likiwa juu. Ungebadilisha sindano kumi, ingedondosha vilevile.

Ndiyo maana napima kabla ya kulaumu. Kabureta naigeuza kichwa chini, boya lilale lenyewe juu ya sindano, nachomeka mpira mwembamba kwenye njia ya petroli na kuuvuta hewa kwa mdomo, kisha naubandika kwenye ncha ya ulimi. Mpira ukiung'ang'ania ulimi bila kuachia, imeziba. Ukiachia polepole, siti ina uchafu. Hapo nachukua kijiti cha kiberiti, nakizungushia pamba, naweka Brasso kidogo na kuizungusha siti mpaka shaba ing'ae, kisha naosha na kupuliza. Msasa hauingii humo. Waya pia hauingii kwenye jeti, hata kama kijana ana haraka kiasi gani.

Mtihani wa mwisho ni ule mlima. Pikipiki inayounguruma vizuri gerejini inaweza kupanda kuelekea mjini ikaanza kukohoa, kwa sababu ikiinama nyuma petroli inahama ndani ya bakuli, na boya lililokaa juu kidogo kuliko inavyotakiwa linaonekana hapo. Mkono wa boya unarekebishwa kwa kukunja ulimi wake kidogo mno, kiasi ambacho macho hayakioni vizuri.

Sindano mpya za dukani nazo zina mambo yake. Baadhi zinakuja na mpira unaovimba baada ya wiki, nyingine fupi kwa unywele, nyingine springi yake ngumu kama msumari. Kuna kipindi mpira ulivimba zaidi, na petroli yenyewe ilinuka mafuta ya taa. Mwaka 2010 EWURA, wadhibiti wa mafuta nchini, walianza kuweka kinasaba kwenye mafuta, mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa, uchakachuaji ukakosa faida. Tangu hapo mabakuli ninayofungua ni safi zaidi.

Shida kubwa ya kusafisha badala ya kubadilisha ni malipo. Katekista mmoja aliniambia waziwazi: "Fundi, hukuweka kitu kipya. Hela ya nini?" Mteja analipia spea, mkono anaona ni salamu. Mzee alikuwa na dawa yake, nami nimeirithi: ule uchafu wa bakulini naumimina kwenye kifuniko cha kopo la oili na kumpa mwenyewe aunuse. Katekista alinusa, akatikisa kichwa, akalipa nusu. Nusu nyingine ililetwa baadaye, kwa mahindi.

Sasa barabarani ni bodaboda za mipigo minne, za India na China. Zenyewe sindano ikishindwa kuziba, petroli huweza kuteremkia kwenye oili ya injini, oili inazidi kipimo na kuwa nyepesi kama maji. Vijana wangu wanajua kunusa kijiti cha oili. Lakini wao wananunua kabureta nzima na kufunga, na kwa bei ya zile siwalaumu. Za tu-stroki wananisukumia mimi.

Wiki hii nimeletewa DT 175 iliyokaa kibandani tangu mwenyewe afariki. Mtoto wake ameshanunua sindano mpya, ameiweka kwenye karatasi mezani pangu. Nimechungulia tangi kwa tochi: kutu imejaa chini kama ugoro, na kikombe cha koki kimeziba kabisa. Nimemwambia, "Baba, tuanze na tangi. Tia kokoto na petroli kidogo, tikisa mpaka mikono ichoke, umwage, urudie." Yuko nje anatikisa. Kabureta bado sijaigusa.